Umetoka fomu siksi unataka mekanika ya juu? Vitabu vya kununua, kuanzia namba moja

Kama umesoma PCM (fizikia, kemia, hesabu), difrensiesheni na integresheni unaziweza, na sasa unataka kutoka kwenye nguvu za Newton uende kwenye njia za nishati za Lagrange na Hamilton, hela yako ya kwanza weka kwa Taylor, Classical Mechanics ya 2005. Hesabu usiyokuwa nayo anakufundisha palepale unapoihitaji, sura ya 6 ni kalkulasi ya variesheni (kutafuta njia inayofanya kiasi fulani kiwe kidogo au kikubwa kabisa) halafu sura ya 7 ndo Lagrange mwenyewe, na maswali ya namba witiri majibu yako nyuma, kitu kikubwa sana kama unasoma peke yako Mbagala huna wa kumuuliza.

Ukifika hapo funga jiwe kwenye kamba ya mita 1 ulining'inize mlangoni. Kwa Newton lazima uhangaike na tensheni ya kamba, uchore mishale uigawe. Kwa Lagrange unachukua nishati ya mwendo unatoa nishati ya kimo, unadifrensieti kwa pembe moja tu, tensheni hata haitokei, na mlinganyo wa mwendo unaoupata ni uleule wa Newton! Pima na simu, likiyumba kidogo linaenda na kurudi kwa sekunde kama 2.

Namba mbili Morin, Introduction to Classical Mechanics ya 2008, maswali magumu matamu na mengi kayafanya mpaka mwisho. Namba tatu The Theoretical Minimum ya Susskind na Hrabovsky, ni kadogo na kalkulasi anairudia humohumo ila mazoezi machache, utaelewa lakini mkono hautakuwa mwepesi. Kitabu cha Landau na Lifshitz, Mechanics, kitamu ila wanaruka hatua, kiweke mwisho. Classical Mechanics ya Goldstein usiiguse bado kabisa.

Ukinunua kitabu cha mtumba Posta, Dar, fungua ukurasa kwa ukurasa hapohapo, mi nilikuja kushtuka niko kwenye daladala nafika Mwenge kurasa nane za sura ya Lagrange zimechanwa, na ndo niliyokuwa naitaka, iliniuma sana.

Hela hamna? Notsi za David Tong wa Cambridge ziko bure intaneti, print pande zote mbili stesheneri yoyote Changanyikeni wakubaindie. Anza na Dynamics and Relativity, Classical Dynamics ije baadae, na kabla ya hapo jizoeshe jioni mbili tatu kudifrensieti kwa herufi moja huku nyingine umezishika kama namba, maana bila hiyo ukurasa wa Lagrange hausomeki.