Njia tatu nilizojaribu kujifunza kulenga kwa upinde

Nilianza kupiga upinde nikiwa mtu mzima na nikakwama mapema. Mishale ilitawanyika, leo kushoto, kesho juu. Ndipo nikalipia programu ya mazoezi ya kwenye simu, ambayo ndiyo ya kwanza kati ya njia tatu nilizojaribu kwa miezi minane.

Programu ile hukupangia idadi ya mishale ya siku, unajaza alama, nayo inakuchorea grafu. Grafu yangu ilipanda vizuri wiki nne mfululizo. Lakini nilikuwa nikipiga kutoka mita 18 tu, na kufikia mshale wa 30 mwili unakuwa umeshazoea, hivyo alama nzuri za mwishoni zinafunika mbovu za mwanzoni. Nikaanza kuandika kwenye daftari mishale sita ya kwanza ya kila siku. Alama za hiyo hazikuwa zimepanda hata kidogo. Isitoshe, hata bega likiuma, programu bado inadai mishale 40 iliyobaki, nami nikawa naimaliza kwa kuvuta ovyo. Basi nilichojizoeza ni huko kuvuta ovyo. Kizuri chake kilikuwa kamera ya mwendo wa polepole, iliyonionyesha mkono wangu wa kuvuta ukitupwa pembeni badala ya kurudi nyuma kando ya shingo.

Njia ya pili nilipewa na mwalimu wangu. Aliondoa karatasi ya shabaha, akanisimamisha hatua tatu kutoka kwenye robota la nyasi, akasimama kando yangu na kuniambia nifumbe macho. Kwa umbali ule hukosi, kwa hiyo hakuna cha kuhangaikia. Siku ya pili nikahisi kitu ambacho kamera haikunionyesha: kidole cha pete kilikuwa kinaachia ugwe kabla ya vile viwili vingine. Kosa dogo hivyo! Lakini kwenye mita 70 za Olimpiki, duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu, na kosa la kidole linatosha kukutoa nje kabisa. Nilihisi pia kuwa nabana pumzi hadi shingo inakaza. Macho yakiona tu njano, rangi ya katikati ya shabaha, vidole vinakimbilia kuachia. Njano ikiondoka, unapata nafasi ya kuusikiliza mgongo ukivuta. Wiki mbili bila kuhesabu alama ni nzito, nakiri, na robota halikufundishi kusoma upepo. Hata hivyo, kati ya njia zote tatu, hii ndiyo ningemsihi kila anayeanza aifanye.

Ya tatu ni kuchanganya umbali: mishale mitatu mita 18, mitatu mita 30, mitatu mita 50, kisha unarudi, ukirekebisha kilengeo, kile kifaa cha kulengea kwenye upinde, kila mara. Wazo hili si geni. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walionyesha kuwa waliojifunza miondoko kadhaa kwa kuichanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye waliikumbuka vizuri kuliko waliorudia mmoja mmoja. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Alama za mazoezini zilishuka hadi nikakata tamaa, huku mishale sita ya kwanza kwenye daftari ikipanda kutoka wastani wa 41 hadi 49 kati ya 60. Ila nisingeanza na hii. Ukichanganya umbali huku vidole bado vinaachia kwa zamu, hutajua kama kilichokosea ni kilengeo au ni mkono.

Programu nimeacha kuilipia. Kamera ya simu yenyewe inanitosha. Siku hizi napiga sita za daftari kwanza, mwili ukiwa bado baridi, kisha 20 kwenye robota macho yakiwa yamefumbwa, ndipo nachanganya umbali. Bega likianza kuuma, naweka upinde chini hata kama podo bado limejaa.