Boksi la njano la sindano: ni jema, tatizo ni linapowekwa

Nasimamia wanafunzi wa utabibu wanaokuja fildi wodini kwetu hapa Kigoma, na kifaa ninachokitetea kuliko vyote ni boksi la kadibodi la lita 5 la kutupia sindano zilizotumika. Huletwa likiwa bapa, unaliunda mara moja. Bomba na sindano yake vinaingia pamoja bila kutenganishwa, kama 100 hivi. Likifika robo tatu unalifunga, linakwenda kuchomwa zimazima. Hakuna wa kumimina wala kupekua.

Adui yake ni maji. Likiwekwa sakafuni wodi ikapigwa deki, kitako kinalainika na ncha zinatokeza. Masika ndiyo kabisa, stoo yenyewe ikiwa na unyevu. Ujazo nao hauonekani kwa nje. Lazima uchungulie tunduni. Asiyechungulia hushindilia kwa mkono, na hapo ndipo watu huchomwa.

Waulize wanafunzi darasani: usirudishe kifuniko cha sindano, usiipinde, usijaze boksi kuzidi robo tatu. Wanajibu bila kusita. Sasa njoo wodini. Boksi liko kwenye meza ya wauguzi, mgonjwa yuko kitanda cha mwisho. Kijana ameshachoma, sindano iko mkononi, anauliza, "Sista, boksi liko wapi?" Akiona ni mbali, anarudisha kifuniko. Mimi simwiti mkaidi. Tulipoanza kulipandisha kwenye troli, likaenda naye mpaka kitandani, hayo ya vifuniko yamepungua sana.

Lililobaki ni glovu, pamba na karatasi za sindano kutupwa humo humo. Boksi linajaa kabla ya wakati, na maboksi yakiisha stoo tunahangaika. Karatasi safi ni taka ya kawaida jamani, ina ndoo yake!

Naumia zaidi nikiwafikiria dada zetu wa usafi. Sindano iliyoachwa shukani au kwenye mfuko wa taka inawangoja wao. Kwa asiyechanjwa, sindano yenye homa ya ini B inaweza kumwambukiza kwa uwezekano wa hadi asilimia 30. VVU ni kama asilimia 0.3, na dawa za kinga zianzwe mapema, zisivuke saa 72. Hilo wanafunzi wanalijua kwa mtihani. Dada wa usafi aambiwe pia, na achanjwe.

Nalipendekeza boksi hili kwa kituo chochote. Anayeagiza, aagize na stendi zake, lisikae sakafuni.