Saanane kwa boti: inawafaa wastaafu

Kwa mzee na mkewe waliostaafu, hii ndiyo safari ya ziwani ya kuanza nayo. Boti hutoka Capri Point, jijini Mwanza, na baada ya dakika kama kumi mmefika Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho hifadhi ya taifa tangu 2013. Nendeni asubuhi: mchana upepo huamka, mawimbi yakapiga boti ubavuni, na kushuka gatini kukawa kazi kwa mwenye magoti mabovu. Jaketi okozi zikagueni wenyewe. Kifungo kisichoshika au mkanda uliokatika, dai nyingine kabla nahodha hajawasha injini. Majabali huteleza kukiwa na umande, raba zenye meno ni lazima. Pimbi huota jua wamebanana kama watoto kitandani, raha tupu! Miguu msitie majini ufukweni, kichocho kipo.