Tathmini: Fundi wa kuweka uchapishaji wa pande mbili kwenye kompyuta mpya, Majengo, Dodoma

Ofisi yetu ndogo ya ushauri wa miradi hapa Dodoma ilinunua kompyuta mpya baada ya Microsoft kusitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Printa hatukuibadilisha, kwa kuwa ni ya leza, bado ni nzima, na tangu zamani imekuwa ikigeuza karatasi yenyewe na kuchapisha pande zote mbili. Muuzaji wa kompyuta aliiunganisha, akatoa ukurasa mmoja wa majaribio na kuondoka. Ukurasa mmoja, bila shaka, hauthibitishi lolote kuhusu pande mbili. Taarifa ya kwanza ya mteja ilitoka upande mmoja mtupu, na chaguo la pande mbili halikuonekana popote kwenye orodha. Ndipo tukamwita fundi wa steshenari moja ya Majengo, ambaye huduma yake ndiyo ninayoitathmini.

Nilichokipenda mapema ni kwamba hakuanza kwa kufungua printa. Alikwenda moja kwa moja kwenye draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa), akakuta Windows imejiwekea ile ya jumla, ambayo ilitoa maandishi vizuri lakini haikukitambua kigeuza karatasi cha printa yetu. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji wa printa kupitia Windows Update, huduma yake ya masasisho, kwa hiyo mwenye printa ya zamani na kompyuta mpya asishangae kukutana na jambo hili. Fundi alipakua draiva kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji, akaiondoa ile ya jumla, kisha akafungua sifa za printa na kubainisha, katika sehemu ya mipangilio ya kifaa, kwamba kigeuza karatasi kimo. Hatua hii ya mwisho hurukwa mara nyingi, na ikirukwa, hata draiva sahihi inaweza kuendelea kulificha chaguo lenyewe.

Ustadi wake ulionekana zaidi katika kuchagua mahali pa kuweka mpangilio. Ukichagua pande mbili ndani ya Word wakati wa kuchapisha, uamuzi huo ni wa kazi ile tu. Ukiuweka kwenye mapendeleo ya printa, unamhusu mtumiaji mmoja. Kwa kuwa mhasibu na katibu muhtasi wetu huingia kwenye kompyuta hiyo kila mmoja kwa akaunti yake, fundi aliuweka kwenye mipangilio ya awali ya watumiaji wote, inayopatikana katika kichupo cha mipangilio ya kina, kisha akajaribu kwa akaunti zote mbili.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya maana. Alitoa taarifa ya kurasa za wima, ambayo hugeuzwa kwa ukingo mrefu kama kitabu, halafu jedwali la bajeti lililolala, ambalo kwa namna tunavyolibana kushoto lilihitaji kugeuzwa kwa ukingo mfupi, la sivyo ukurasa wa nyuma ungesomeka kichwa chini. Alitushauri pia tusiache rimu ya karatasi wazi, kwa sababu hewa kavu ya Dodoma huzipa karatasi umeme tuli zikashikamana, na vumbi letu (wakazi wa hapa wanalijua) huchakaza roli za kuvutia karatasi. Katika pande mbili, kila karatasi hupita kwenye joto mara mbili, hivyo iliyo nyembamba hujikunja na kukwama kwa urahisi zaidi.

Akiba ni ya kweli, ila isitiwe chumvi: taarifa ya kurasa 60 sasa inatumia karatasi 30, lakini wino wa unga unaotumika ni uleule, na kazi huchukua muda mrefu kidogo kwa sababu karatasi hurudishwa ndani ili igeuzwe.

Lawama yangu kwake ni juu ya karatasi zenye nembo ya ofisi. Kwenye printa yetu, karatasi hizo hupakiwa kwa mwelekeo tofauti pande mbili zinapowashwa, naye hakutuambia. Barua zikaanza kutoka huku nembo ikiwa upande mmoja wa karatasi na maandishi upande wa pili. Vilevile hakuacha maelezo yoyote ya maandishi, jambo ambalo ofisi yenye watumiaji zaidi ya mmoja ina haki ya kulidai.

Tulipompigia simu alirudi bila kudai malipo ya ziada. Aliisajili printa ileile mara ya pili kwenye kompyuta, safari hii kwa upande mmoja, akaziita mbili hizo “Taarifa” na “Barua”, na katibu muhtasi sasa huchagua jina tu. Kwa ada isiyofikia bei ya rimu mbili za karatasi, nitamwita tena, ila nitamtaka aandike alichokifanya kabla hajalipwa.