Siku mbili Kilema, kwenye nyumba iliyojengwa na kahawa

Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nimepanda mara nyingi kwa misiba na harusi, ila kulala kule kwa kulipia ndiyo mara ya kwanza. Nyumba iko katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, migomba imefika dirishani, na mfereji unapita nyuma ya jiko. Usiku hausikii kingine.

Mwenyeji ni bibi wa miaka sabini na kitu, binti wa mzee aliyeijenga. Mzee alijenga miaka ya hamsini, bei ya kahawa ikiwa nzuri, akipeleka mzigo chama cha msingi chini ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ile ya tangu 1933. Na Kilema si mahali pa kubabaisha kwa habari ya kahawa: hapo ndipo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoipanda mwishoni mwa karne ya 19. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Watoto walikuwa wameshashuka Dar, bati likatoboka, popo wakahamia darini.

Mimi nina ugonjwa wa kukagua kuta, kwa hiyo nilizunguka nyumba kabla hata ya kufungua begi. Kuta ni za mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Bibi anasema ndugu mmoja aliwahi kuzipiga lipu ya saruji ili zionekane za kisasa, na ndipo zilipoanza kuoza: unyevu unaopanda kutoka chini ulikosa pa kutokea, rangi ikavimba malengelenge. Mafundi wa hapo hapo kijijini waliibandua yote kwa patasi, wakapiga ya chokaa na mchanga, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Ilichukua misimu miwili ya kiangazi. Kenchi nzima wameziacha. Zilizoliwa na mchwa wameunga kipande kipya, na maungio hawakuyaficha kwa rangi. Hilo nimelipenda kuliko kitanda.

Kitanda nacho kizuri. Choo wamekiweka vigae vyeupe vya hoteli ya mjini, sijui kwa nini. Maji ya moto yalikata asubuhi ya pili, na mvua ikinyesha usije na gari dogo. Bodaboda wenyewe wanashuka wakisukuma. Elfu sabini kwa usiku, pamoja na chai. Machalari ya jioni, ndizi zilizopikwa na nyama, unalipia mbali, lipia tu.

Kilichoniudhi kweli ni asubuhi ya kwanza: chupa ya maji moto na kahawa ya kopo. Kwenye nyumba hii! Nikamwambia, "Shikamoo bibi, na ile miti ya pale nje?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Marahaba mwanangu. Wageni wengi huomba hiyo ya kopo."

Kesho yake alikaanga buni mwenyewe, akatwanga kwenye kinu, moshi ukajaa mpaka vyumbani. Nikamwambia aika, asante ya Kichaga, nikaongeza vikombe viwili. Natoa nyota nne. Ya tano itakuja siku kahawa ile itakapoletwa mezani bila mtu kuomba.