Kompyuta haikuzeeka, walinizeesha mimi

Kampuni ya intaneti ninayoilipa siitaji jina, maana shida yangu si faiba yao, ule waya wa intaneti wanaouleta hadi nyumbani. Faiba yao iko vizuri, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Kazi yangu ni kunukuu sauti za mikutano ya watu, yote kwenye laptopu, nyumbani Tabata. Kwa muda mrefu faili zilikuwa zinashuka kwa kujikokota, na simu za video zinaganda, watu wamebaki midomo wazi. Msinijie na habari ya megabiti na megabaiti: najua megabiti 20 kwa sekunde za kifurushi ni megabaiti 2.5 za kushusha faili, maana baiti moja ni biti nane. Mimi nilikuwa naomba angalau ifike 1. Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu baharini, nilivumilia na sikumlaumu mtu, tuliumia wengi. Safari hii mikongo mizima, jirani anatazama mpira bila kukwama, mimi tu ndiye ninayeteseka.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kutosha sherehe nzima ya harusi, akapokea dada mmoja, sauti ya asali. "Kaka, kifurushi chako ndicho kidogo. Panda cha 40." Hakuuliza natumia waya au Waifai. Hakuuliza ruta, kile kisanduku kinachorusha Waifai, imekaa wapi. Nikapanda, nikalipa. Spidi palepale. Nikarudi kwake, asali imekwisha: "Basi kaka, kompyuta yako imezeeka. Sisi hatuuzi kompyuta." Akakata.

Akakata! Mteja anayelipa!

Fundi alikuja baada ya "kesho" nyingi. Kijana mpole, sina ugomvi naye. Au tuseme ninao kidogo, mtaona. Akatoa begini waya wa mtandao, wa njano, kichwa kimoja akachomeka kwenye ruta, kingine kwenye hiyo hiyo kompyuta iliyozeeka. Akapima: 39. Akachomoa, akapima kwa Waifai: 4. Akacheka. "Bosi, laini haina tatizo."

Ruta waliifunga wenyewe, sakafuni nyuma ya televisheni, kwa sababu dirisha la kupitishia waya lilikuwa karibu na hawakutaka kuongeza mita chache. Inarusha Waifai kwa masafa mawili ya mawimbi, GHz 2.4 na 5, yote kwa jina moja. Laptopu iko chumbani, kuta mbili za tofali katikati, ikawa inang'ang'ania 2.4, ambako mtaa mzima unagombania. Chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, zisizoingiliana huko ni tatu tu, 1, 6 na 11, na fundi alinionyesha kwenye simu yake ruta za majirani zimerundikana kwenye 6, na yangu humo humo. Masafa ya 5 yana nafasi, ila kuta zinayamaliza kabla hayajanifikia. Sasa niambieni, kifurushi cha 40 kingeondoa ukuta gani?

Kisha kijana akakunja waya wake, akaurudisha begini. "Huu wa ofisi, bosi." Akaenda zake.

Wangu nimenunua Kariakoo, nimeupitisha juu ya mlango na kuubana na vibanio. Ruta nimeipandisha juu ya kabati, chaneli nimehamia 1 kwa ajili ya simu zetu zinazotumia Waifai. Nimezima pia kile kipengele cha Windows cha kutuma masasisho kwa kompyuta za watu wengine, maana kinakula nafasi ya kupandisha faili mtandaoni. Kubadili DNS, ile huduma inayotafuta anwani za tovuti, kuwa 1.1.1.1 jaribuni mkipenda, huenda kurasa zikawahi kuanza kufunguka, lakini faili kubwa litashuka vilevile. Na viprogramu vya "kuongeza kasi ya intaneti", achaneni navyo kabisa.

Leo nafanya kazi kama watu wengine. Nilipokaa kuandika haya nilitaka kusema jiungeni tu, laini ni nzuri, nyota nne. Halafu nikawapigia wanirudishe kwenye 20, kwani kwa waya zinanitosha na kubaki. Jibu: kupanda ni papo hapo, kushuka ni mpaka mkataba uishe. "Kwani kaka, hizo 40 zinakudhuru nini?"

Nyota moja. Na hiyo ni ya yule kijana, pamoja na waya wake.