TAHADHARI: Msipigwe na seti za "kutengeneza hologramu za sola"

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya mafundi sola na vitu viwili: roli la "filamu ya hologramu" (plastiki yenye michirizi midogo sana inayoupinda mwanga) la kubandika juu ya paneli, na seti ya kuitengeneza mwenyewe nyumbani. Unalipa kwanza, mzigo unakuja kwa basi. Vyote viwili ni utapeli.

Ahadi yake ni paneli ya wati 100 itoe 300. Paneli hiyo ina takriban nusu mita ya mraba, na jua kali la saa sita linaimwagia wati 500 hivi. Kutoa 300 hapo ni ufanisi wa asilimia 60. Fraunhofer ISE, taasisi ya utafiti wa sola ya Ujerumani, mwaka 2022 ilifikia asilimia 47.6, tena kwa seli ya maabara iliyomulikwa na mwanga uliokusanywa mara 665. Filamu haizalishi mwanga, inaugeuza njia tu. Ndiyo maana kampuni ya paneli ya Prism Solar ya Marekani iliweka vipande vya hologramu kwenye nafasi kati ya seli, kuokoa mwanga ambao ungepotea. Ukiibandika juu ya seli zenyewe unaokoa nini?

Kama roli umeshalipokea, lishike mbele ya taa. Likiwa la rangi ya fedha na halipitishi mwanga, hiyo ni karatasi ya kufungia zawadi. Inayowachanganya wengi ni ile inayoonyesha ng'ambo, ya kupambia madirisha. Dondoshea tone la mafuta ya kupikia, upande mmoja kisha wa pili. Rangi zikififia palipolowa, ujue michirizi iko juu juu, imegongwa kwa muhuri. Hologramu ya jelatini, ile ambayo seti inadai kutengeneza, iko ndani ya unene wa jelatini, imefungwa kati ya vioo viwili, na mafuta hayaigusi. Kwa asiyeamini: saa sita, bila mawingu, shotisha paneli kupitia multimita kwenye ampea 10 DC, soma, funika na filamu, soma tena papo hapo. Ampea zitashuka.

Seti ndiyo mbaya zaidi. Ina unga wa rangi ya chungwa kwenye chupa isiyo na lebo, pakiti ya jeli, tochi ya leza nyekundu, vioo na chupa ya spiriti. Huo unga unadaiwa kuwa dikromati ya amoniamu, kemikali inayoifanya jelatini iathiriwe na mwanga. Ila jelatini yenye dikromati haioni mwanga mwekundu, labda uitie rangi ya methilini buluu, ambayo humo haimo. Inataka buluu au kijani: mawimbi ya nanomita 442, 488, au 532 kwa shida. Hata ukibadilisha leza, miliwati 5 zikitandazwa kwenye kioo cha sentimita 10 kwa 10 ni miliwati 0.05 kwa sentimita ya mraba. Tabaka la jelatini linahitaji milijuli kama 100 kwa sentimita ya mraba, yaani zaidi ya nusu saa ya kumulika, na michirizi inayorekodiwa imeachana kwa nusu maikroni tu. Lori likipita nje likatikisa kioo, kazi imeharibika.

Jelatini tupu ya jikoni ingefaa, hilo tukubali. Ila hii ya kwenye seti ina sukari na ladha ya stroberi. Na spiriti ni ya asilimia 70, wakati baada ya kuosha kwa maji kioo kinapitishwa kwenye isopropanoli inayozidi ukali hadi karibu 100, kisha kinakaushwa kwa joto haraka. Maji yakibaki, hologramu inatoka hafifu au haionekani kabisa. Kioo cha pili cha kufunikia na gundi ya kuziba kingo pia havimo. Kwa unyevu wa Tanga au Mombasa, kisichozibwa hakidumu.

Aliyekwisha lipa apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, aombe muamala uzuiwe. Ule unga, kama ni dikromati kweli, una kromiamu ya aina inayosababisha saratani, na unawaka. Usiufungue, usiumwage kwenye sinki wala shimoni, uweke mbali na watoto na moto. Uliza maabara ya kemia ya chuo kilicho karibu kama wataupokea.